Uzi Unaopita Kwenye Zizi la Mtu

Eti ipo nchi tupu.

Niliyasikia maneno hayo kwenye tanuri la mtaa, mikono yangu ikiwa ndani ya unga, na tangu hapo hayakunitoka. Nikilala yapo. Nikiosha vyombo yapo. Aliyeyaleta ni Zlata, jirani yangu, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi nusu ya salamu ameiweka akiba aje akumalizie kesho. Alisema kuna nyanda za juu huko kusini, ng'ambo ya bahari, zina maji na majani, jua lake si kali, na mfalme mmoja mkubwa amezitoa kwa Wayahudi wa nchi zote, sisi tuliotawanyika, twende tukakae pamoja.

"Na watu wa huko je?" nikauliza.

"Hakuna watu, Mama Anshel. Tupu. Kama chungu Sabato ikishapita."

"Nani ameenda kuona?"

"Aende akamwulize nani, na nimeshakwambia hakuna mtu?"

Wanawake wakacheka mpaka unga ukaruka. Zlata alipoona anachekewa vizuri akaongeza: "Mimi taabu yangu ni shingo. Maisha yote tunasali tukielekea mashariki, kwenye nchi ya wazee wetu. Sasa eti tugeuke kusini. Shingo ya uzeeni inageuka hiyo?"

Nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilikishusha chungu changu nikakitazama. Kilikuwa kitupu kweli, na chini kulikuwa na ukoko, na ukingoni alama za vidole vyangu. Nikafikiria kitanda cha marehemu mume wangu, nacho kitupu, kimebonyea upande mmoja. Nikafikiria viatu vilivyoachwa mlangoni. Nilizunguka nyumba nzima siku ile nikitafuta kitu kitupu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa wala atakayerudi kukichukua, nikakikosa. Sasa nchi nzima? Yenye maji? Maji yapo na hakuna aliyewahi kuinama kunywa? Ninayaandika haya kwa ajili yenu mnaolea watoto. Shule niliisoma ile ndogo tu, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Tafuteni hatari ilipo, mwende mbali nayo.

Kwetu muda haushiki njia moja; heri mlijue mapema msije mkapotea. Mwanangu Anshel asubuhi nilimnyonyesha, adhuhuri akaingia na ndevu akiuliza kama supu imeiva. Sikushangaa. Kila mama anajua ndivyo inavyokuwa, ila kwingine wanaona haya kusema. Na moto ndio hivyohivyo. Mji wa ng'ambo ya mto wetu ulichomwa: watu walikuja na marungu na mafuta ya taa, wakawachoma Wayahudi wenzetu ndani ya nyumba zao. Uliungua kabla sijazaliwa. Uliungua nilipoolewa. Unaungua sasa, moshi wake umekaa kwenye mapazia yangu na sabuni haiutoi. Ukimwuliza mtu wa kwetu moto ule ulikuwa lini, atakutazama usoni aone kama una akili timamu. Sisi tunauliza umebakisha umbali gani.

Kwa hiyo msidhani nchi ile sikuitaka. Niliitaka mpaka meno yakauma. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, na mto si mpana.

Sasa niwaeleze uzi.

Sheria yetu inasema siku ya Sabato mtu asibebe kitu nje ya nyumba yake. Asibebe kitabu, asibebe sufuria, asimbebe hata mtoto asiyejua kutembea. Ndani ya nyumba, beba. Nje, hapana. Basi wazee wa zamani waliwaonea huruma wenye watoto wachanga, wakasema: mji ukizungushiwa uzi juu ya nguzo, uzi usiokatika popote, na watu wake wote wakashiriki mkate mmoja uliowekwa kwenye sinagogi, mji huo ni nyumba moja. Barabara zake ni sebule. Mama atambeba mwanawe aende akamwonyeshe bibi yake. Mkate huo nauoka mimi. Na uzi huo anaukagua Anshel kila Ijumaa, kama alivyofanya baba yake. Anauzunguka mji ameinua uso kama mtu anayetafuta ndege wake aliyetoroka, na pale ulipokatika anaunga.

Lakini kuna sharti. Kama ndani ya uzi anakaa jirani asiye wa dini yetu, lazima aombwe. Asipoombwa, au akikataa, uzi ni uzi tu, nyumba hakuna. Ndiyo maana kila mwaka Anshel humwendea msaga unga, anavua kofia na kusimama kizingitini.

"Wewe tena," husema msaga unga. "Na kamba yako."

"Ni mimi tena, baba. Tunaomba tupitishe kwako."

"Huyo Mungu wenu hana kazi nyingine?"

"Anazo. Hii ametuachia sisi."

Hunung'unika, hutema mate, kisha husema pitisheni. Mwaka mmoja alikasirika kwa sababu mbuzi wa Zlata alikula kabichi zake, akasema hapana, na Sabato zote za kiangazi kile wenye watoto wachanga walishinda madirishani wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara. Hatukupitisha kwa nguvu wala kwa wizi. Tulingoja hasira imwishe.

Sijui nani alianza kuurefusha uzi. Nadhani ni baada ya moto, mmojawapo wa mioto. Watu waliotoka kwenye majivu walipofika mji wa pili walikuta soksi zimeshafumwa. Zilifumwa na nani? Na wanawake wa nchi ambayo hata jina lake hatukuweza kulitamka, ambao hawajawahi kutuona na lugha yetu hawaijui, ila Ijumaa wanawasha mishumaa kama sisi na kufunika macho kama sisi. Walisikia uzi wao unatetemeka madirishani, wakajua sisi tunalia. Hapo mtu mmoja akachukua ncha ya uzi wa mji wake akaifunga kwenye ncha ya wetu, juu ya mpaka, juu ya vichwa vya askari wenye bunduki. Mwingine naye akafunga. Ukavuka milima, ukavuka bandari. Zamani nilipoumwa, niliumwa ndani ya kuta zangu. Sasa nikikohoa, bibi mmoja katika mji wa mifereji anaweka maji jikoni. Mnaijua raha hiyo? Mkono usioujua uso wako, umekufumia soksi za saizi yako. Siwezi kuisema vibaya raha hiyo. Mtu akija kuisema vibaya mbele yangu atatoka mbio.

Ila nilikuwa na hofu. Kitu kinachokumbatia hakioni kilichoko mgongoni mwa anayekumbatiwa. Niliwaza hivyo nikakemea moyo wangu. Nyamaza, moyo. Wewe oka.

Ndipo akaja Bwana Oskar Lindau, mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Wayahudi wa nchi zote. Alikuwa na shati jeupe na kofia ndefu, akasimama katika sinagogi letu, akashindwa kuanza kwa sababu ya machozi. Machozi ya kweli. Mimi nayajua ya uongo.

"Ndugu zangu," akasema, "ninakotoka hakuna anayenichoma. Naitwa bwana, nasalimiwa njiani. Na usingizi sipati."

Akatandaza ramani. Nchi zote zilipakwa rangi, nyekundu, kijani, njano, na huko kusini kukawa na kipande kimeachwa cheupe, kama shimo kwenye shati.

"Huku," akasema. "Nchi ya wazee wetu bado tunaidai kwa sala. Huku ni pa kujificha mvua kwanza. Tutazungusha uzi, tutaita nyumba."

Rabi Fishl, mwalimu wetu, akashika ndevu. "Majirani?"

"Hawapo. Na kama wapo wachache wanaopita na mifugo yao, ruhusa ameitoa mfalme mwenye nchi."

"Sheria inakubali," Rabi akasema polepole. "Pale ambapo majirani hawawezi kuombwa mmoja mmoja, anaombwa bwana wa mji, naye husimama badala yao."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia upande wa wanawake. Ulimi ukanitangulia. "Huyo mfalme anaishi huko?"

"Mfalme anaishi katika jumba lake, mama," akasema Bwana Lindau kwa upole.

"Basi mbuzi wetu wakila kabichi za watu wa huko, atajuaje?"

Zlata akanifinya mpaka nikaruka. Rabi hakucheka. Aligeukia pazia akasema, "Mama Anshel, hilo nimeliwaza, nitaendelea kuliwaza. Lakini moto uko ng'ambo ya mto. Nikingoja nimalize kuwaza, nitamalizia juu ya majivu yenu."

Wakauliza nani atakwenda kuupitisha uzi huko. Anshel wakati huo alikuwa mchanga, amelala mapajani pangu, mate yanamtoka. Wote wakamtazama. Nikamfunika kwa kanga ya mabega yangu. Chini ya nguo ile nikasikia anajinyoosha, anajinyoosha, na aliposimama kichwa chake kikagusa dari.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Kukagua uzi ndiyo kazi yangu."

Nikamfuata. Hakuna aliyenituma. Niliushika uzi kwa mkono wa kulia nikatembea chini yake, na mkate wa Sabato kwapani. Mpaka wa kwanza, askari alinizuia.

"Wewe raia wa wapi?"

"Wa upande niliotoka."

"Huko wanasema wewe si wao."

"Basi wa upande ninaokwenda."

"Huku nako wewe si wetu."

"Ndiyo maana nimeshika uzi, afande."

Akainua kizuizi, nadhani kwa uchovu. Na kila mpaka palikuwa na mwanamke mmoja ameushika uzi upande wa pili, akinipokea. Mmoja alinipa kitunguu. Mmoja alinifuta pua kama mtoto. Sikuelewa walichosema, ila kila aliyenipisha alinipa na uso wake kidogo, na nilipofika baharini sikujua tena pua ni ya nani wala macho ni ya nani. Mimi ni mama wa Anshel, nilijisemea juu ya maji. Mama wa Anshel. Mama wa nani? Wa yule aliye mbele. Yuko wapi? Mbele. Shika uzi. Usilale.

Nyanda za juu zilikuwa kama Zlata alivyosema. Maji, majani, jua la upole. Kitu cha kwanza nilichokanyaga kilikuwa mavi ya ng'ombe, bado ya moto.

Nikasimama na kiatu changu juu. Nikaona njia nyembamba iliyochimbwa na kwato, vizazi na vizazi vya kwato. Nikaona moshi. Nikaona zizi la miiba, na mwanamke wa umri wangu aliyevaa ngozi laini, ameushika uzi wetu kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyoshika unywele aliouona kwenye chakula.

Alisema kwa lugha yake, nami nikasikia kwa yangu. Jina lake Tapkigen.

"Hii ni yako?"

"Ni yetu."

"Nyinyi wangapi?"

"Wengi. Tumetawanyika."

"Basi imepita kwenye zizi langu. Ndama wangu imemnasa mguuni, ameanguka." Akanitazama kiatu, akacheka kidogo. "Na wewe naona umeshakaribishwa."

Akanipa maziwa ya kibuyu. Nikaona haya kukataa, nikamweleza kwamba sheria yetu hainiruhusu kunywa maziwa ya watu wengine isipokuwa nimeyaona yakikamuliwa. Nilidhani atakasirika.

"Ala! Watu wa ajabu. Njoo basi uangalie."

Nikachuchumaa kando yake. Alikuwa akimwimbia ng'ombe puani, na kwa muda ule, Mungu anisamehe, nilisahau moto. Nikanywa kutoka mikononi mwake. Akaniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia aliyebaki ni mmoja. Akaacha kukamua. Akaniwekea mkono uliolowa maziwa kwenye goti. Nami nilipotazama mkono ule na goti lile, sikuweza kusema kwa hakika ni kipi changu.

Hapo Anshel akatokea kwenye majani amebeba nguzo ya mwisho. Nyuma yake Bwana Lindau, anahema, kofia hana. Jua lilikuwa limeinama, siku ni Ijumaa. Nguzo hiyo ikisimama mle zizini na uzi ukifungwa kabla Sabato haijaingia, nyumba imepatikana. Wenzetu wa kando ya mto wangeanza kuja. Mwanangu angekuwa amekaa mbali na mafuta ya taa. Haya yote yalining'inia kwenye fundo moja, na fundo lilikuwa mkononi mwake.

"Funga, kijana!" Bwana Lindau alipiga kelele. "Jua hilo!"

Anshel alimwona Tapkigen. Akaona zizi. Akaweka nguzo chini. Kisha, bila mtu kumwambia, akavua kofia.

"Mama," akamwambia, "tunaomba tupitishe uzi kwako."

"Nikisema ndiyo," Tapkigen akauliza, "humo ndani nitakuwa nani?"

"Jirani."

"Na mkate alioubeba mama yako?"

"Huo ni wa wenye nyumba."

"Kwa hiyo nitakuwa jirani ndani ya zizi langu mwenyewe."

Bwana Lindau akasogea, akasema kwa adabu kwamba mfalme mwenye nchi ameshatoa ruhusa.

"Mfalme yupi?" Tapkigen akauliza. "Ng'ombe wake wana alama gani?"

Tapkigen alitutazama mmoja mmoja. Sura yake haikuwa ya chuki. Ilikuwa ya mtu anayeangalia mvua na paa lake. "Nimesikia mnachokimbia," akasema. "Mama huyu ana moshi kwenye nguo. Mtu nampokea. Kijana abaki, nitampa ngozi ya kulalia, atachunga na wanangu, akitaka kusali ataelekea anakotaka. Mtu, ndiyo. Uzi, hapana."

Nikamrukia mwanangu. "Kaa! Umesikia? Kaa hapa!"

"Peke yangu?"

"Peke yako, ndiyo! Hai!"

"Na wa kule, mama? Ijumaa nani ataangalia juu?"

"Waangalie wenyewe! Wana shingo!"

Alinishika mabega. Alikuwa na ndevu, kisha hakuwa nazo, kisha alikuwa na meno mawili tu ya mbele, kisha ndevu. "Soksi hizi," akasema, "nilifumiwa na mtu asiyenijua. Nitazivaa vipi nikiwa nimekaa salama peke yangu?"

Akainama akaanza kuukunja uzi kwenye kiwiko chake, taratibu, kama alivyofundishwa na baba yake. Bwana Lindau akaketi majanini. "Unatuua," akasema. "Unajua moto uko wapi?"

"Najua, bwana. Mimi nakaa karibu nao kuliko wewe."

Nilimvuta koti mpaka kifungo kikatoka. Akaondoka nacho nikiwa nimekishika. Tapkigen akasimama kando yangu tukimtazama anapungua njiani. Nikamwuliza, "Wako angefanya hivyo, ungemwacha?" Akasema, "Mkate wako unapoa. Mfuate."

Tumerudi. Leo ni Ijumaa, Anshel ametoka kukagua uzi. Upepo unatoka ng'ambo ya mto. Nimemwita mara moja dirishani. Nyinyi mnaolea, yaepukeni haya:

Usiamini nchi tupu mpaka umekanyaga.

Usiombe ruhusa ya jirani kwa mtu asiyemjua jirani.

Usimcheke anayelia kwa ajili ya watu asiowajua.

Usipokee soksi ukasahau kufuma.

Usiseme "kaa peke yako" kwa mtoto uliyemfundisha "sisi".

Usikatae maziwa bila kueleza sababu.

Usikasirike ukiambiwa hapana zizini kwa mtu.

Usikae karibu na mto kama una pengine. Kama huna, usifunge mlango kwa komeo.

Usiite mara moja ukadhani amesikia.

Usikae unaandika wakati mwanao hajaitika.